Farasi wangu hutimua mbio ninapompanda nje ya uwanja: nifanye nini?

Mpanda wa Asubuhi (muulizaji)

Ndugu wapanda farasi, naomba ushauri wenu kuhusu jambo linaloninyima usingizi. Nina farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 9, ambaye nimekaa naye mwaka mmoja na nusu. Ndani ya uwanja wa mazoezi ni mpole mno: husimama mara ninapotulia juu ya tandiko, hugeuka kwa kuguswa kidogo tu, na hata watoto wameshampanda bila tatizo lolote. Nikimtoa kwenye njia za wazi huwa farasi mwingine kabisa. Katika miezi 2 iliyopita ametimua mbio nami mara 3, na hizo si mbio za uchangamfu ambazo mtu huweza kuzituliza, bali ni mbio za mnyama ambaye hasikii tena chochote.

Mara ya kwanza nilidhani ameshtushwa na ndege aliyeruka kutoka kichakani. Mara ya pili hapakuwa na ndege wala mtu. Tulikuwa tumeshageuka kurudi, tunashuka mteremko mdogo kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za kurukaruka, ndipo nilipohisi mgongo wake ukikakamaa chini yangu kama ubao; masikio yakalala nyuma, shingo ikapanda juu, na kabla sijakusanya vigwe, zile kamba za kumwongozea, tukawa tumeshashika kasi. Nilivuta kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, naye akazidi kukimbia, mpaka aliposimama mwenyewe langoni akiwa ametota jasho na povu limejaa kandokando ya hatamu. Mara ya tatu, wiki iliyopita, ilitokea kwenye mteremko uleule, na safari hiyo nilianguka. Sikuvunjika, lakini kwa siku kadhaa sikuweza kunyanyua mkono wa kulia.

Mtu mmoja mwenye uzoefu amenishauri nimvike lijamu (chuma cha mdomoni) kali zaidi, na mwingine amesema nimchoshe kwanza kwa kumzungusha kwa kamba ndefu kabla ya kutoka naye. Nampenda farasi huyu na sitaki kumuuza, ila nakiri kwamba sasa ninaogopa, na nadhani naye anaihisi hofu yangu tangu ninapotia mguu katika kikuku. Nifuate ushauri gani?

Saisi Mkongwe

Pole sana kwa kuanguka, ndugu yangu. Kabla ya mengine yote nakuomba usitoke naye tena nje mpaka chanzo kijulikane. Hilo si woga. Farasi mzima wa kawaida ana uzito wa kilo 400 hadi 600, na akishapiga shoti, yaani kukimbia kwa kasi yake yote, anaweza kupita kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo mtu hana namna ya kumshinda kwa misuli. Anachoweza ni kumzuia asifike hapo, au kumrudisha akili zake mapema, wakati bado anasikia.

Kuhusu lijamu kali, mimi nasema hapana. Lijamu hukaa kwenye pengo la ufizi lisilo na meno, mahali penye ngozi nyembamba juu ya mfupa, na ukiivuta bila kuachia unampa maumivu yasiyo na mwisho. Farasi ameumbwa kukimbia kinachomuumiza au kumtisha. Sasa fikiria mnyama ambaye tayari anakimbia kwa hofu, kisha anaumizwa mdomoni na mtu aliye mgongoni mwake: atafanya lile alilozaliwa akilijua, yaani kukimbia zaidi. Zaidi ya hayo, unapovuta vigwe vyote viwili kwa pamoja unampa kitu cha kuegemea, naye huweka shingo yake yote juu ya mikono yako na kujiendea. Umeliona mwenyewe katika mbio zile za pili.

Ikitokea tena, kwa mtu yeyote anayesoma hapa, mambo ni haya. Kaa wima, shusha visigino, na usiegemee mbele, kwa maana mwili unaoinama shingoni humwambia farasi aendelee. Ufupishe mmojawapo wa vigwe, ukaze mkono huo juu ya shingo mbele ya tandiko huku umeshika singa, yaani nywele za shingoni, halafu mkono wa pili uvute kuelekea juu na nyuma kisha uachie, uvute uachie, kwa mapigo yanayofuata hatua zake. Kule kuachia ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu hapo hana cha kuegemea. Kama kuna nafasi ya wazi na ardhi ni nzuri, mwelekeze kwenye duara kubwa, kisha ulipunguze duara kidogo kidogo, maana farasi hawezi kudumisha kasi ile akiwa amejipinda. Usimkunje shingo ghafla mpaka kwenye goti akiwa katika shoti. Watu wengi hufundishwa kusimamisha farasi kwa kigwe kimoja, na ni funzo zuri mno, lakini mahali pake ni katika mwendo wa kutembea au wa matiti, pale unapohisi mgongo umeanza kukakamaa. Katika kasi kubwa kunamwondolea mizani, na akianguka ataanguka nawe. Wala usijirushe chini ila pale ambapo unakoelekezwa ni pabaya kuliko kuanguka kwenyewe, kama vile barabara yenye magari au ukingo wa korongo.

Mazoezi ya kigwe kimoja yafanyike kila siku uwanjani, pande zote mbili, mara nyingi sana, akiwa ametulia. Mkono ushuke polepole kwenye kigwe, kichwa kigeuke, miguu ya nyuma ipishane, asimame, alegeze taya, nawe uachie hapo hapo. Lengo ni kwamba mwili wake ulijue jambo hili hata wakati akili yake imeruka.

Mwalimu wa Uwanjani

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Saisi, isipokuwa naona amelifunga mno suala la lijamu. Nimewahi kufundisha farasi ambao hawakuwa na hofu wala maumivu. Walikuwa wamejifunza tu kwamba wakiongeza mwendo wakati wa kurudi watafika nyumbani mapema, kula, na kuvuliwa tandiko. Farasi wa namna hiyo, akiwa chini ya mikono laini ya mtu anayejua anachofanya, huweza kuvikwa kwa muda lijamu yenye nguvu zaidi ili asimfikishe mtu barabarani, huku mafunzo yakiendelea. Ni tahadhari ya kipindi, na haifai kwa mtu ambaye ameshaanza kuogopa, kwa kuwa mikono yenye hofu hushika na haiachii. Kwa hiyo kwako wewe, muulizaji, jibu langu linakuwa lilelile la Saisi.

Kumchosha kwa kamba ndefu ndiko nisikokupenda hata kidogo. Farasi anayekimbizwa kila siku hupata pumzi na nguvu. Baada ya wiki chache utakuwa na farasi yuleyule mwenye hofu ileile, ambaye sasa anaweza kukimbia mara mbili ya umbali wa mwanzo.

Daktari wa Mifugo

Nimesoma swali hili mara mbili, na kilichonisimamisha ni neno ambalo muulizaji amelitaja kama kwa kupita: mteremko. Mbio mbili kati ya tatu zilianzia mahali pamoja, farasi akishuka, na zilitanguliwa na mgongo kukakamaa na masikio kulala. Farasi aliyeona kitu cha kutisha kwa kawaida huelekeza masikio na macho kwenye kitu hicho kwanza. Masikio yaliyolala pamoja na mgongo mgumu hunifanya nifikirie maumivu.

Farasi anaposhuka, tandiko lisilomkaa vizuri husogea mbele na kubana nyuma ya mabega, na mpandaji akiwa anainuka na kuketi juu ya tandiko kwa kufuata mwendo wa matiti, kila hatua inakuwa pigo. Uwanjani kwenye ardhi tambarare huenda jambo hilo lisionekane kabisa. Tafadhali fanya hivi: mfunge tandiko bila kitambaa cha chini, pitisha kiganja kati ya tandiko na bega kutoka juu kwenda chini, kisha mwombe mtu amtembeze hatua chache huku mkono ungali ndani. Ukihisi vidole vinabanwa zaidi mahali pamoja kuliko kwingine, umepata pa kuanzia. Tazama pia kama kuna nywele nyeupe zilizoota katika mabaka nyuma ya mabega, kwa sababu nywele hurudi zikiwa nyeupe pale ambapo ngozi iliwahi kuumia kwa kubanwa. Baada ya hapo vua tandiko, ukandamize misuli ya pande zote mbili za uti wa mgongo kwa ncha za vidole, polepole, kutoka mabegani hadi kiunoni, ukiangalia uso wake na wala si mkono wako. Atakayeumia atabana pua, atapepesa macho, atainua kichwa au atazamisha mgongo.

Mwite pia daktari amkague meno na macho. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo za nje za meno ya juu huwa kali na kukata mashavu. Ndiyo maana ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka ni wa lazima, na kwa baadhi yao mara mbili. Macho nayo yasisahaulike. Farasi huona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso wake na nyingine nyuma yake, kwa hiyo jicho moja likianza kufifia vitu humtokea ghafla kutoka upande ambao zamani aliuona vizuri.

Jambo la mwisho ni tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, awe anakula au hali, na farasi anayekaa saa nyingi bila nyasi huku akipewa nafaka nyingi hupata vidonda vya tumbo kwa urahisi. Mnyama mwenye vidonda huwa mkali anapokazwa mkanda wa tandiko, na mara nyingi husemwa kuwa ana tabia mbaya.

Mpanda wa Asubuhi (muulizaji)

Nashukuru sana. Jioni ileile niliyosoma jibu la daktari nilikwenda bandani na kufanya kama alivyoelekeza. Upande wa kulia mkono wangu ulipita kwa urahisi. Upande wa kushoto, alipochukua hatua ya tatu, vidole vyangu vilibanwa mpaka nikautoa mkono kwa haraka. Nilipomkandamiza mahali hapo alizamisha mgongo, akageuza kichwa na kunigusa mkono kwa pua yake. Hakuniuma. Nilisimama pale nikiwa nimemshika shingoni kwa muda mrefu, kwa sababu nilitambua kwamba amekuwa akibeba jambo hili kwa miezi, na katika muda wote huo mimi nilikuwa nikifikiria namna ya kumvuta kwa nguvu zaidi.

Daktari wetu amemkagua na kuthibitisha uvimbe kwenye misuli ya nyuma ya bega la kushoto. Meno yalikuwa na kingo mbili kali, zimesuguliwa. Macho ni mazima. Amepewa wiki 6 za mapumziko bila tandiko, kisha atapimiwa tandiko jingine. Swali langu sasa ni hili: maumivu yakishaisha, je, na mbio zitaisha zenyewe?

Saisi Mkongwe

Ningetamani kukujibu kwamba ndiyo. Maumivu yataondoka, lakini farasi hasahau upesi mahali alipoumia, na mteremko ule ameshauandika moyoni. Kwa hiyo tumia wiki hizo 6 vizuri. Daktari wako akiruhusu, mtembeze kwa miguu kwenye njia zilezile, wewe ukiwa begani mwake, mkisimama, mkirudi nyuma hatua mbili, akipewa nafasi ya kutazama na kula majani. Mteremko mfikie, msimame juu, mgeuke mkaondoke. Siku nyingine mshuke nusu. Fanya hivyo mpaka uone ameshusha kichwa na kulamba midomo mahali ambapo zamani alikakamaa.

Utakapompanda tena, anza na daktari akiwa amekupa idhini na tandiko likiwa limekaguliwa, na uende na mwenzako mwenye farasi mzee mtulivu anayetangulia, kwa kutembea tu. Mwenzako asikimbize farasi wake mbele yako hata kwa hatua chache, kwa sababu farasi anayeachwa nyuma hudhani kundi limeona hatari. Vaa kofia ngumu iliyofungwa kidevuni na kizibao cha kukinga kifua, na umfunge ukanda shingoni ili uwe na mahali pa kushika bila kumvuta mdomo. Njia ya kurudi iwe ya kutembea siku zote, na mara kwa mara ukifika langoni mgeuze, mzunguke tena kidogo, kisha umvulie tandiko mbali na banda, ili nyumbani pasiwe mahali pa kukimbilia. Ukihisi mgongo unakakamaa, usione haya kushuka na kumwongoza kwa mkono. Mimi nimepanda kwa miaka mingi na bado hushuka.

Na hofu yako isikutie unyonge. Pumua kwa kutoa hewa yote, kwa sauti anayoweza kuisikia. Utaona masikio yake yakikugeukia.

Mpanda wa Asubuhi (muulizaji)

Leo ni wiki ya nne. Asubuhi tumesimama juu ya mteremko, yeye akila majani, kamba ikiwa imelegea mkononi mwangu. Tumeshuka hatua 10 hivi, tukasimama, tukarudi juu. Kesho tutashuka 15.