Diazepam ya miaka tisa, daktari mpya anataka iishe kwa wiki mbili. Tumwambieje?

Binti_Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba wanaojua wanisaidie, si wa kubahatisha.

Mgonjwa ni mama mkubwa, miaka 61, yuko Ngamiani, Tanga. Tatizo ni ugonjwa wa wasiwasi. Miaka tisa sasa anatumia diazepam (valium, dawa ya kutuliza) 5 mg asubuhi na 10 mg usiku, pamoja na amitriptyline (dawa ya sonona inayoleta usingizi) 25 mg usiku. Dozi haijapanda muda wote huo. Pombe hagusi. Ana presha, anatumia amlodipine 5 mg. Daktari wake wa zamani kastaafu, tumepokelewa na daktari bingwa mwingine wa magonjwa ya akili. Huyu ziara ya kwanza tu kaandika kwenye daftari: diazepam 10 mg kwa wiki moja, 5 mg wiki ya pili, kisha aache. Siku hiyohiyo aanze sertraline (dawa ya wasiwasi na sonona) 50 mg asubuhi. Arudi baada ya mwezi.

Mama mkubwa kagoma, hashushi hata robo. Daktari naye kasema diazepam haandiki tena. Vidonge vilivyopo vinatufikisha mwisho wa mwezi. Nani yuko sahihi, na tunarudi kwake na maneno gani bila kuonekana tunambishia mtaalamu?

---

Mfamasia_Barabara12

Pole dada, na mpe shikamoo mama mkubwa.

Kwamba diazepam ipunguzwe, daktari ana hoja nzito. Uingereza walishatoa tahadhari tangu 1988 kwamba dawa za kundi hili (benzodiazepine) zisizidi wiki mbili hadi nne. Marekani mwaka 2020 waliamuru maelezo rasmi ya dawa hizi yawe na onyo kali la utegemezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 hauzitaki kabisa kwa wasiwasi wa muda mrefu. Unaziruhusu kwa dharura, siku 3 hadi 7. Mtu wa miaka 61 anayemeza 10 mg usiku, juu yake amitriptyline, yuko kwenye hatari ya kuanguka akiamka kwenda chooni, na kumbukumbu inadhoofika taratibu bila mtu kugundua.

Lakini kuimaliza kwa wiki mbili baada ya miaka tisa, hapana. Ubongo uliosaidiwa kutulia kila siku umepunguza uwezo wake wenyewe wa kutulia, na uwezo huo unarudi kwa miezi. Ukiondoa dawa haraka, mtu anatetemeka, jasho linamtoka, halali, mwili unamchomachoma, mlio wa sufuria jikoni unamshtua. Wengine wanapata kifafa ambacho hawajawahi kuwa nacho maishani.

Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2025 unasema uanze kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida usivuke asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Sasa pima alichoandika daktari wenu: toka 15 kwenda 10 ni asilimia 33, toka 10 kwenda 5 ni 50, toka 5 kwenda sifuri ni yote. Na hatua zinakuwa kubwa kadiri anavyoshuka, wakati inatakiwa ziwe ndogo.

---

Kaka_Mabawa

Mbona mnajisumbua, valium ipo mitaani. Nunueni, daktari mwacheni na daftari lake.

---

Mfamasia_Barabara12

@Kaka_Mabawa hapana mkuu. Diazepam ni dawa inayodhibitiwa, imo hata kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971, na duka linalouza bila cheti halikwambii kilichomo ndani ya kidonge. Halafu akigundua, daktari atakuwa na sababu kamili ya kuamini kwamba mgonjwa ni mlevi wa vidonge. Mjadala wa mwendo wa dozi unafia hapohapo.

---

Nesi_Kliniki_ya_Akili

Mfamasia kasema vizuri habari ya kasi. Mimi naona kosa kubwa zaidi liko kwingine: dawa mbili zinabadilishwa kwa mpigo mmoja.

Sertraline wiki mbili za mwanzo humfanya mwenye wasiwasi awe na wasiwasi zaidi. Tumbo linachafuka, mikono inatetemeka, usingizi unakatika. Ndiyo maana kwa watu wa aina hii huanzwa 25 mg, yaani nusu kidonge cha 50, ikipandishwa baada ya wiki moja au mbili. Nafuu yenyewe inakuja wiki ya nne hadi ya sita. Kwa mpango ulioandikwa, mama atapata misukosuko ya kuanza sertraline na misukosuko ya kuacha diazepam kwa wakati mmoja, na hakuna atakayejua kipi kimeletwa na kipi.

Tena diazepam ina tabia yake. Inakaa mwilini siku nyingi, na ini linaibadilisha kuwa kitu kingine kinachokaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo wiki ya kwanza mama anaweza kuwa mzima kabisa. Shida inaanza siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, pengine wiki ya tatu. Akirudi kliniki mwisho wa mwezi yuko hoi, daktari ataandika "ugonjwa umerudi" na kupandisha sertraline.

Namna ya kutofautisha: ugonjwa ukirudi, unarudi polepole na kwa sura ileile mnayoijua. Dalili za kuachishwa dawa zinakuja ghafla siku chache baada ya kushusha, na zinakuja na mageni: ganzi, misuli kuruka, mwanga na sauti kumkera. Halafu zinapungua kadiri wiki zinavyopita dozi ikibaki palepale. Andikeni kila jioni mistari miwili kwenye daftari: amelala saa ngapi hadi saa ngapi, amepata nini kipya. Daktari anaamini karatasi kuliko maelezo ya ndugu watatu wanaoongea kwa pamoja.

Mkirudi kwake, msianze na "hatukubali". Anzeni na mnachokubaliana: "Daktari, sertraline tunaipokea, na diazepam tunataka ipungue. Tunaomba tutangulize moja." Kisha mwombeni sertraline ianze kwa 25 mg, diazepam ibaki 15 mg kwa wiki sita, na tarehe ya kwanza ya kushusha iandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo. Hiyo tarehe ndiyo itakayomlainisha. Madaktari wengi wanaokata kwa haraka wanaogopa kitu kimoja, kwamba "baadaye" ya mgonjwa haifiki. Mwombeni pia ziara baada ya wiki mbili, mwezi ni mrefu mno kwa mtu anayeanza dawa mpya.

Nendeni na vyeti vya zamani vyote, hata vilivyochanika. Daktari mpya akiona mtu ana vidonge 90 vya diazepam kwa mwezi na faili la zamani halijaja, wazo la kwanza ni kwamba zinatoka mtaani. Miaka tisa kwenye dozi ileile, ikiwa imeandikwa na kugongwa muhuri, inabadilisha mazungumzo.

Mambo ya nyumbani: kahawa. Vile vikombe vya kahawa chungu vya jioni vipungue kwanza, wiki mbili kabla ya kugusa dozi, na vipungue taratibu kwa sababu kahawa nayo ukiikata ghafla kichwa kinauma. Mwezi wa Ramadhani msishushe hatua yoyote. Daku linakata usingizi, na usingizi ndio wa kwanza kuyumba. Dozi zenyewe zinahamia futari na daku bila tatizo. Na wakimletea kombe, kombe halina ugomvi na kidonge. Ugomvi unaanza pale anapoambiwa aache vidonge ili kombe lifanye kazi.

Akipata degedege, akichanganyikiwa, akiona visivyokuwepo, au akizungumzia kujidhuru, ni hospitali muda huohuo, usiku au mchana. Msisubiri ziara.

---

Tabibu_Mstaafu

Naongeza, na kidogo napingana na wenzangu.

Si lazima lengo liwe sifuri. Kuna watu wa umri huo wanaofika 4 au 5 mg usiku na kutulia hapo, hawaanguki, hawakoromi kwa kukatika pumzi, hawatumii tramadol wala dawa nyingine ya kulevya. Kuwalazimisha kumalizia kipande cha mwisho kunaleta shida kuliko faida. Daktari wenu akielezwa kwamba toka 15 hadi 5 ni kupunguza theluthi mbili, na kwamba kuhusu 5 za mwisho mtaamua mkifika, anaweza kulainika. Na mama mkubwa pia. Anayekataa robo mara nyingi anakataa kuambiwa kwamba safari ni lazima iishie kwa kunyang'anywa.

Kabla ya yote, vipimo. TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na wingi wa damu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo mbio, jasho na wasiwasi. Ukimpunguzia mtu diazepam huku tezi haijapimwa unahangaika bure. Baada ya kuanza sertraline, pimeni sodiamu ya damu wiki ya pili hadi ya nne, maana kwa wenye zaidi ya miaka 60 dawa hizi zinaweza kuishusha: mtu analegea, anachanganyikiwa, na nyumbani wanasema ni uzee. Bahati nzuri presha yake inatibiwa kwa amlodipine. Angekuwa kwenye dawa za presha za kukojosha kama bendroflumethiazide au hydrochlorothiazide, hatari hiyo ingekuwa kubwa zaidi.

Kama anameza diclofenac za maumivu ya magoti, ziwekwe kando. Zikikutana na sertraline, tumbo linaweza kutoka damu; paracetamol inatosha. Omeprazole ya vidonda vya tumbo inachelewesha diazepam kutoka mwilini, kwa hiyo akiianza au kuiacha katikati ya safari dozi inabadilika bila ninyi kugusa kidonge. Na ikitokea akaanza dawa za TB, rifampicin inafagia diazepam kwa kasi, hapo daktari ajulishwe siku hiyohiyo. Sertraline pia inaongeza kidogo amitriptyline kwenye damu. Kwa 25 mg si tishio kubwa, ila mdomo ukikauka sana, choo kikifunga au moyo ukienda mbio, aseme.

Daktari akikataa katakata, mna haki ya maoni ya pili. Hospitali ya Muhimbili, Dar, ina idara ya magonjwa ya akili, ombeni barua ya rufaa kwa adabu. Ni kilomita kama 350, kwa hiyo msafiri mkiwa na vidonge vya wiki mbili mkononi. Kusafiri dawa ikiwa imekatika ndiyo njia ya kupata kifafa ndani ya basi.

---

Mdau_Pongwe

Na anayetumia alprazolam (ya kundi hilohilo) 0.5 mg mara tatu naye anashusha hivihivi?

---

Mfamasia_Barabara12

@Mdau_Pongwe hapana. Alprazolam inatoka mwilini haraka, mtu anatetemeka kati ya dozi na dozi. Madaktari wengi huhamisha kwanza kwenda diazepam, dozi moja moja wakianza na ya usiku, halafu ndipo wanashusha. Jedwali linalotumika sana linalinganisha alprazolam 0.5 mg na diazepam 10 mg, ila ni makadirio, na kwa mzee daktari huanza chini ya hapo. Usifanye nyumbani.

---

Binti_Chumbageni

Ahsanteni sana, mmenifungua. Tumepata nafasi ya kumwona Jumatatu. Swali moja la mwisho: vidonge tulivyonavyo ni vya 5 mg tu, vya 2 mg kila duka wanasema havipo. Asilimia 10 tunaikataje? Na tuanze na ya asubuhi au ya usiku?

---

Mfamasia_Barabara12

Anzeni na ya asubuhi, usingizi uguswe mwisho. Robo ya kidonge cha 5 ni 1.25 mg, na toka 15 robo moja ni asilimia 8 na kitu. Kwa hiyo asubuhi robo tatu kwa wiki mbili, kisha nusu, kisha robo, kisha hakuna. Usiku vinabaki viwili vilevile. Wiki nane mko kwenye 10 mg, na asubuhi imeisha bila kelele. Akitetereka mahali, mnabaki hapohapo wiki mbili zaidi. Hamrudi juu, labda daktari aseme.

Toka 10 kwenda 5, robo moja inaanza kuwa nzito, asilimia 12 hadi 20, hivyo kila hatua ipeni wiki tatu au nne. Chini ya 5, robo ni kubwa mno. Hapo agizeni vya 2 mg Dar kupitia famasi yenu mapema, mwezi mmoja kabla, mgawanye hatua za 0.5. Vikikosekana kabisa, daktari anaweza kuruhusu kupishanisha siku: leo 5, kesho 3.75, wastani unakuwa 4.4 hivi. Hilo linawezekana kwa diazepam kwa sababu inakaa mwilini. Kwa alprazolam au lorazepam msithubutu. Jumla ya safari, kama mnaenda hadi sifuri, ni miezi tisa hadi mwaka na zaidi kidogo.

Kukata: tumieni kikata vidonge au wembe mpya, fuateni mstari wa katikati kwanza ndipo mgawe nusu. Robo hazitalingana, msihangaike. Zile za kidonge kimoja zitumike siku zinazofuatana na tofauti inajifuta. Kateni vya wiki moja tu. Kwa unyevu wetu huu wa pwani kipande kilichokatwa kinalainika na kumomonyoka, kwa hiyo chupa kavu yenye kifuniko, si karatasi.

Na mpelekeeni daktari hesabu hii, maana anachotaka kuona ni idadi inashuka. Wiki mbili za kwanza vidonge 39, za pili 35, za tatu 32, za nne 28. Jumla 134 kwa wiki nane, badala ya 168 mngeendelea na 15 mg. Mwombeni aandike cheti cha wiki mbili mbili, hivyo kila mara yeye ndiye anayeshika kamba. Nakala moja ya ratiba ibaki kwenye daftari, nyingine mniletee dirishani nijue cha kuwawekea.