Wauza majiko ya indaksheni, mnatuuzia mluzi halafu mnasema koili imekufa!

Wakuu, nivumilieni maana leo nimechafukwa.

Nimenunua Kariakoo jiko la indaksheni, lile la umeme lenye koili (waya uliozungushwa) chini ya kioo inayopasha sufuria kwa usumaku, pamoja na seti ya sufuria za stili. Muuzaji akaapa: "Dada, hizi ndo zenyewe." Nafika nyumbani, nabandika maji ya ugali, napandisha moto mpaka mwisho. Mluzi! Mwembamba, wa kukereketa, kama mbu kaingia sikioni. Mtoto kaamka analia.

Nikalirudisha. Jamaa hata kuliwasha hakuliwasha. "Koili imekufa hiyo, waranti haihusiki." Akaniitia fundi wake, naye anataka hela ya koili mpya kabla hajagusa hata skrubu.

Koili iliyokufa inachemshaje maji?

Nyumbani nikaweka kikaango changu kizito cha chuma, moto uleule. Kimya! Kumbe tatizo ni sufuria walizoniuzia wao wenyewe. Umeme kwenye koili unageuka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na usumaku wake ndio unaopasha kitako cha sufuria moto, huku ukikitikisa. Hizi za bei chee kitako chake ni matabaka ya stili na alumini yaliyogandishwa pamoja. Yasiposhikana sawasawa yanatetemeka, ndio huo mluzi. Kikaango cha chuma ni kipande kimoja, hakina tabaka la kugongana na lingine. Ukipunguza moto kelele inashuka, na sufuria ikijaa maharage inatulia kuliko ikiwa na maji kidogo. Mfuniko mwepesi nao una makelele yake.

Hilo tu lingewashinda kusema?

Wala hawakuniambia kwamba kwenye moto mdogo jiko linajikata na kujiwasha, ndio maana linalia tk, tk. Wala kwamba ukizima, feni inaendelea kuvuma ili kupoza mitambo. Mama mkwe alichomoa plagi mbio akijua linalipuka!

Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Kwa wauzaji hawa? Watu watarudi kwenye mkaa wakidhani jiko ni bovu.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya sufuria hapo Kariakoo? Alitumia njia gani? Na nyie wauzaji mliomo humu, mwacheni mteja abandike maji hapohapo dukani, moto wa mwisho, asikilize ndipo alipe. Soketi si mnazo?