Nimeulizwa 3G na 4G kwenye kazi ya matangi, nisaidieni

Fundi_Kondele: Habari zenu mafundi wenzangu. Nina miaka minne jua kali ya Kibuye hapa Kisumu, nachomelea mageti na grili za madirisha. Juzi nilienda kuomba kazi ya matangi. Nikapewa bamba la milimita 10 limesimamishwa wima, nikaambiwa, "Tuonyeshe 3G." Nilipoanza kupanda na mshono kutoka chini, chuma kikachuruzika kama uji. Hizo namba ni nini, na nilikosea wapi?

Mzee_wa_Rodi: Pole mwanangu. Namba ni mkao wa mshono. 1 umelala, unauchomelea ukiinama. 2 bamba limesimama lakini mshono unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. 3 mshono wenyewe uko wima. 4 uko juu ya kichwa chako. G ni ya kingo zilizochongwa zikaacha mfereji, F ni ya kona. Geti unaligeuza utakavyo, kwa hiyo miaka yote hiyo umekuwa kwenye 1. Tangi haligeuzwi. Ulitumia rodi gani, na moto kiasi gani?

Fundi_Kondele: Rodi ya 7018, unene milimita 3.2, moto ampea 140.

Mzee_wa_Rodi: Hapo ndipo. Huo ni moto wa kulala. Shuka mpaka 110, ukiona bado kinamwagika punguza tena. Ncha ya rodi iwe karibu kugusa, ielekee juu kidogo. Tulia pembeni kushoto, vuka katikati haraka, tulia kulia. Ukikawia katikati tumbo linatokeza.

Kijana_Nakuru: Si angeteremka tu? Mimi huteremka, inatoka safi.

Mzee_wa_Rodi: Kwa bomba jembamba la mraba, sawa. Kwenye bamba la milimita 10 slagi, yale makapi ya rodi yanayoyeyuka juu ya mshono, inakimbilia mbele ya moto na chuma hakishiki ndani. Wakilikata na kulikunja kuujaribu mshono, litapasuka.

Mama_Grainda: Kaka, na rodi zako zilikaa wapi? 7018 iliyonyonya unyevu huleta vitobo na nyufa. Kwa 4G vaa ngozi mpaka shingoni na ufunge kola, mimi nina kovu kifuani. Ukifaulu 3G na 4G, kanuni ya Marekani, AWS D1.1, inakuhesabia mikao yote ya bamba. Mabomba yana yake: kwenye 6G bomba limeinamishwa nyuzi 45 na halizungushwi.

Fundi_Kondele: Asanteni sana. Leo nimefunga vipande vya bamba kwenye nguzo, nikaweka moto 105. Mshono wa tano umepanda bila kudondoka. Narudi kwao Jumatatu.