Vifaranga vya sato kutoka nje vizuiwe kuingia bonde la Tanganyika? Leteni hoja

Ujiji Kwetu

Wakuu, salaam. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungiwa uvuvi miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, habari ya mabwawa na vizimba vya kufugia samaki haijapoa Kigoma. Kwamba dagaa na mgebuka wa kuvua hawatoshelezi, hapo hatubishani. Ubishi uko kwenye mbegu. Kuna wanaoona dawa ni kupakia vifaranga vya sato kwenye mifuko ya oksijeni huko Kanda ya Ziwa, usiku mmoja wawe wamefika Kigoma. Mimi nasema visije. Sato mwenyewe sina ugomvi naye, nina ugomvi na abiria anaowabeba mashavuni.

Abiria hao ni minyoo ya kundi la monojenea, hasa jamii ya Cichlidogyrus. Ni wadogo, wengi hawafiki milimita 1, hivyo kifaranga chenye minyoo 20 utakiona kizima kabisa. Hujishika kwenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia vilivyo ndani ya mashavu ya samaki, kwa kulabu zilizo mkiani. Tofauti na minyoo mingi ya samaki, hawa hawahitaji konokono wala ndege kukamilisha maisha yao: yai linadondoka majini, kwenye maji ya joto linaanguliwa ndani ya siku chache, kiluwiluwi kinaogelea kutafuta shavu jingine. Samaki wawili ndani ya tangi moja wanatosha kuendeleza ukoo.

Tanganyika ina spishi zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, kuhe akiwemo, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Ukikosea hapa, huna pa kwenda kuchukua mbegu nyingine.

Bangwe Juu

Mkuu, umeanza vizuri ila umeruka jambo kubwa. Sato, yaani Oreochromis niloticus, si mgeni bonde hili. Mto Ruzizi anao, na ncha ya kaskazini ya ziwa anao kwa asili. Aliyepelekwa kama mgeni miaka ya 1950 ni sato wa Ziwa Victoria, siyo wa kwetu. Sasa unamzuiaje samaki ambaye yupo nyumbani kwake?

La pili, minyoo ya mashavu haiui samaki wa porini. Samaki mwenye minyoo 5 au 10 anakula, anazaa, anakimbia adui. Wanaoua ni msongamano, maji machafu na oksijeni ndogo, na hayo yote ni makosa ya mfugaji. La tatu, minyoo hii mingi ni michaguzi: wa samaki huyu hamtaki yule. Tusitishane.

Mganga wa Samaki

Bangwe, hoja yako ya Ruzizi ni ya kweli, na ndiyo maana inapotosha kirahisi. Angalia yaliyotokea Norway. Samoni wa Bahari ya Baltiki na samoni wa mito ya Norway ni spishi moja, Salmo salar. Wa Baltiki wameishi na mnyoo Gyrodactylus salaris vizazi na vizazi, wanauvumilia. Miaka ya 1970 mnyoo huo ukaingizwa Norway pamoja na samaki wa kufugwa waliotoka Sweden. Samoni wa Norway hawakuwa na kinga, vifaranga wakafa mto baada ya mto, takriban mito 50 ikaambukizwa. Ili kuusafisha walilazimika kumwaga sumu ya rotenoni na kuua samaki wote wa mto, kisha kuanza upya. Jina la samaki lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni historia yake na kimelea. Kwa hiyo kusema "sato yupo tayari Ruzizi" hakujibu swali la sato wa kituo fulani cha kuzalisha vifaranga, aliyechanganywa damu kutoka mabonde matatu, analeta nini.

Kuhusu uchaguzi wa minyoo, hapo uko nusu sahihi. Cichlidogyrus wa samaki wanaoishi kwenye mawe pwani ya Tanganyika huwa wachaguzi sana. Lakini kule kina kirefu yupo Cichlidogyrus casuarinus anayeishi kwenye spishi kadhaa za samaki bila kubagua. Na wale wanaosafiri na sato wa kufugwa, C. tilapiae, C. sclerosus na C. halli, ndio wasiochagua kuliko wenzao. Bonde la Kongo, sato alipoingizwa, minyoo yake imekutwa kwenye mashavu ya ndugu zake wenyeji. Maji ya Tanganyika yenyewe yanatoka kupitia Mto Lukuga kwenda Kongo, kwa hiyo jirani anatuathiri na sisi tunamuathiri.

Dagaa wa Mwezi

Naongezea mfano wa nyumbani. Dagaa wetu mmoja, Limnothrissa miodon, alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na Bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Watafiti walipochunguza mashavu yake huko baadaye, Kariba wakamkuta mnyoo Kapentagyrus limnotrissae, aliyetoka naye Tanganyika. Kivu hawakumkuta. Samaki mmoja, ziwa moja la asili, safari mbili, matokeo mawili. (Jina lenyewe la mnyoo limetokana na kapenta, wanavyowaita dagaa kule Zambia na Zimbabwe.)

Hapo nawaumbua wote wawili. Ujiji, kimelea hakisafiri kila mara, kwa hiyo usiseme kila gari la vifaranga ni maangamizi. Bangwe, kikisafiri kinadumu: Kariba hakikuwa na ndugu yeyote wa kuanzia, na bado ukoo umesimama. Swali la maana ni kwamba safari ipangwe vipi ili tupate matokeo ya Kivu.

Mnyamwezi wa Urambo

Naona watu wa Kigoma mnazungumzia ziwa kana kwamba maji yanaanzia Ujiji. Mto Ugalla unapita huku Tabora, unaingia Malagarasi, Malagarasi inaingia Tanganyika. Bwawa la Urambo au Kaliua likifurika masika, vifaranga wanafika kwenu bila kibali cha mtu. Marufuku inayoishia ufukweni ni kuziba mlango huku ukuta wa nyuma umebomoka.

Na Malagarasi ina sato wake mwenyeji, Oreochromis malagarasi. Yeye hatari yake kubwa pengine si mnyoo, ni kuzaliana na sato wa kuletwa hadi damu yake ipotee. Mnyoo unaweza kuutibu tangini. Damu ikishachanganyika mtoni hakuna chumvi ya kuitenganisha.

Jambo jingine, vimelea vya mabwawa yetu si hivyo mnavyovisema. Huku shida ni vifuko vya njano kwenye nyama na chini ya mashavu, Clinostomum. Huyo anahitaji konokono, kisha samaki, kisha korongo au ndege mwingine mla samaki. Kizimba kilichowekwa kwenye kina kirefu, mbali na majani ya ufukweni, kinakuwa na konokono wachache, hivyo Clinostomum anapungua na mnyoo wa mashavu anaongezeka kwa sababu ya msongamano. Bwawa la kina cha futi 4 lenye nyasi pembeni ni kinyume chake. Tusitumie dawa moja kwa magonjwa mawili.

Wanaokausha bwawa na kudhani konokono wamekwisha wanajidanganya. Konokono wa jamii ya Bulinus, hao hao wa kichocho, hujificha kwenye tope kavu wakasubiri mvua. Kausha mpaka udongo uanze kupasuka, halafu mwaga chokaa isiyozimwa kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, sakafuni na kwenye kingo, wakati tope bado lina unyevu. Chokaa ya kilimo haifanyi kazi hiyo. Fyeka nyasi za kingo, vinginevyo umelisha konokono wapya.

Bangwe Juu

Sawa, Norway nimekubali, sikuitazama kwa jicho hilo. Lakini marufuku ya jumla bado siikubali. Ukifunga njia halali, vifaranga vitapita kwenye madumu usiku, na hivyo ndivyo visivyopimwa kabisa. Niambieni utaratibu unaotekelezeka kwa mtu mwenye mabwawa mawili, siyo kwa kampuni.

Mganga wa Samaki

Utaratibu upo, na wa kwanza ni kutosafirisha kifaranga kabisa. Sato hulea mayai mdomoni. Mkamate mama, mtoe mayai kabla hayajaanguliwa, yasuuze kwenye maji safi mara kadhaa, uyaweke kwenye chupa ya kuangulia yenye maji ya kisima yanayopanda kutoka chini. Kwenye nyuzi 28 yanaanguliwa baada ya siku 4 au 5. Mnyoo wa mashavu anaishi kwenye shavu, na yai halina shavu. Mnyororo umekatika hapo. Tahadhari moja: njia hii haizuii kirusi cha sato, kile kilichotambuliwa Israel mwaka 2014 na baadaye kukutwa Ziwa Victoria, kwa kuwa chenyewe kinaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwenye yai. Kwa hiyo wazazi lazima wapimwe maabara.

Kama ni lazima kifaranga kisafiri, kitengwe wiki 3 kwenye tangi ambalo maji yake hayaendi mtoni. Usikilishe saa 24 kabla ya dawa. Chumvi gramu 20 kwa lita, dakika 10 hadi 15. Pipa la lita 200 linataka kilo 4, zilizoyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanamwaga chumvi kavu, inatua chini, vifaranga vya chini vinaungua na vya juu havijapata dawa. Wengine wanapima kwa kopo, na kopo la chumvi nene si sawa na la chumvi laini. Kifaranga kikilala ubavu, kitoe mara moja, dakika zisikushughulishe.

Chumvi inadondosha minyoo, mayai ya minyoo haiyafanyi kitu. Kwa hiyo baada ya kuogesha hamishia samaki tangi jingine safi, na urudie baada ya siku 5 hadi 7, mara 3. Ukirudisha samaki kwenye tangi lile lile umepoteza chumvi yako.

Ujiji Kwetu

Na formalini, ile dawa ya kemikali? Wengi huikimbilia hiyo.

Mganga wa Samaki

Inafanya kazi kuliko chumvi, na inaua samaki haraka kuliko chumvi. Kila miligramu 5 kwa lita inakula kama miligramu 1 ya oksijeni, kwa hiyo bila pampu ya hewa usiguse. Vitabu vya nchi za baridi vinaandika mililita 250 kwa lita 1000. Maji yetu ya nyuzi 25 na kuendelea usizidi 150, dakika 60 mwisho. Ukiona unga mweupe chini ya chupa usiitumie, huo ni sumu kali zaidi kwa samaki. Glavu, miwani, sehemu ya wazi. Na maji hayo yasielekezwe kwenye mfereji.

Maji ya mfuko wa safari nayo ni hivyo hivyo. Mtu anasafisha samaki siku 21 halafu siku ya kwanza alimwaga maji ya mfuko bwawani, yakiwa na mayai ya minyoo ndani. Yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na maji.

Kasulu Maji

Swali la haraka kutoka jikoni: hao wa mashavu wanamuambukiza mtu?

Mnyamwezi wa Urambo

Hapana. Wale wa njano ndio usiwale wabichi au nusu kuiva. Samaki akiiva mpaka ndani, wamekufa.

Dagaa wa Mwezi

Turudi kwenye kupima, maana nimeona cheti kimeandikwa "samaki 5 wamekaguliwa, hawana vimelea". Hesabu ipo. Kama samaki 10 kati ya 100 wana mnyoo, ukikagua 5 una nafasi kama asilimia 41 tu ya kumpata hata mmoja mwenye mnyoo. Ukikagua 30 inafika asilimia 96. Kama walioambukizwa ni 2 kati ya 100, unahitaji karibu samaki 150 ili ufike asilimia 95. Tena wakaguliwe wakiwa wamekufa muda huo huo, matamvua yote 8, manne kila upande, chini ya hadubini. Samaki aliyelala kwenye barafu tangu jana minyoo yake imeshaachia, utasema ni safi.

Bangwe Juu

Samaki 150 wa kuua kwenye mzigo wa vifaranga 3,000 ni asilimia 5 ya mzigo. Nani analipa, anayeuza au anayenunua?

Mnyamwezi wa Urambo

Anayeuza. Na kama bei hiyo inamshinda mnunuzi, anunue mayai ya ngege wa ziwani, Oreochromis tanganicae, aanze naye hapa hapa. Anakua taratibu kidogo kuliko sato wa kituo, lakini minyoo yake tayari ni ya kwetu.