Cheti cha SSL: nilipie 150,000 kwa mwaka, nichukue cha bure, au nipite Cloudflare?

MamaVitenge
Wakuu, habari za mchana. Nina duka la vitenge Kariakoo na tovuti ndogo aliyonitengenezea mdogo wangu. Juzi mteja wa Dodoma kanitumia picha ya simu yake: pembeni ya anwani ya duka langu pameandikwa kwamba tovuti si salama. Kaniuliza, "Dada, hapa niweke namba yangu kweli?" Nikakosa jibu.

Walionipangishia nafasi ya tovuti wanataka 150,000 kwa mwaka wanifungie cheti cha SSL, kile kinachofanya anwani ianze na https na data ya mteja isafiri kwa siri. Kijana wa jirani anasema kipo cha bure, cha Let's Encrypt, shirika linalogawa vyeti bila malipo. Mwingine anasema nipite Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya mteja na tovuti, dakika tano kazi imekwisha. Malipo yangu ni ya simu, mteja anaweka PIN kwenye simu yake, haipiti kwenye tovuti. Sasa haja ipo kweli? Na kama ipo, nishike kipi?

FundiWaSeva
Dada, hilo la PIN uko sahihi, ila angalia kinachobaki. Mteja anajaza jina, namba na mtaa anaoletewa mzigo, na vyote vinasafiri wazi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unadhani namba wanaziokota wapi?

Na wewe ukiingia kubadilisha bei, nenosiri lako linapita hivyo hivyo. Nilijaribu nyumbani kwangu: kompyuta mbili, Wi-Fi moja isiyo na nenosiri. Kwenye ya kwanza nikafungua fomu ya http, yaani isiyo na cheti, nikaandika nenosiri "chaisukari". Kwenye ya pili nikawasha Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao, nikalisoma herufi kwa herufi. Atakayelipata lako hana haja na PIN ya mtu. Anabadilisha Lipa Namba uliyoandika pale chini, anakaa kusubiri.

Hilo neno "si salama" Chrome ilianza kuzibandika tovuti zote za http Julai 2018, kwa hiyo tovuti yako haijaandamwa peke yake. Chukua cha bure. Data inasimbwa, yaani inageuzwa fumbo, kwa nguvu ile ile ya cheti cha kulipia.

Mzee_wa_Risiti
Cha bure ni cha bure tu. Mimi nalipia, na kampuni inaonekana ya maana. Cheti cha gharama kinaandika jina la kampuni kwa kijani pale juu.

FundiWaSeva
Kilikuwa kinaandika, mzee wangu. Chrome waliliondoa jina pale juu Septemba 2019, Firefox wakafuata Oktoba. Siku hizi mpaka mteja abonyeze na kuchimba ndipo alione. Nani anachimba akiwa anatafuta kitenge?

BintiNyali
Mimi niko Mombasa, natumia cha bure, na niliwahi kuaibika nacho. Cheti cha Let's Encrypt kinaishi siku 90. Tulihamisha seva, ile kazi ya kukihuisha yenyewe ikabaki kule kwa zamani, hakuna aliyejua. Kikaisha wiki ya Idd. Jamani, cheti kilichokwisha ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: mteja anakutana na ukurasa mzima wa onyo, duka halionekani kabisa! Na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Kwa hivyo chukua, lakini hakikisha kinajihuisha, na ukipime mwenyewe.

Lingine: ukitaka malipo ya M-Pesa yajithibitishe yenyewe kwenye tovuti, huku kwetu anwani ya kupokelea majibu lazima iwe ya https. Hapo hakuna mjadala.

Mzee_wa_Risiti
Umeona sasa? Ndiyo maana mimi nalipia mwaka mzima, nalala.

FundiWaSeva
Huo usingizi unakatwa. Zamani cheti kiliruhusiwa siku 398. Kinachotolewa kuanzia 15 Machi 2026 mwisho siku 200, Machi 2027 siku 100, Machi 2029 siku 47. Hata ukilipia mwaka, kitabadilishwa mara kadhaa ndani ya mwaka huo. Asiye na mfumo wa kujihuisha atateseka, awe amelipa au hajalipa.

Kaka_Muscat
Nasimamia tovuti tatu za ndugu zangu Unguja, zote ziko nyuma ya Cloudflare. Nzuri, na ni bure. Lakini hizo dakika tano ndizo zenye mtego. Kuna mpangilio unaitwa Flexible: mteja anaona https, kumbe kipande cha kutoka Cloudflare mpaka seva yako kiko uchi. Weka Full (strict). Nayo inadai cheti halali kwenye seva, kwa hiyo utakuwa umerudi kwenye kile cha bure. Pia ujue Cloudflare wanakaa katikati na wanaifungua data kabla ya kuipeleka mbele. Mimi nimeridhia, wewe pima.

Mpita_Njia
Mimi nachomekea tu: https haisemi duka ni la kweli. Matapeli nao wana vyeti. Chrome waliiondoa ile alama ya kufuli 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaiamini kupita kiasi.

MamaVitenge
Narudi na mrejesho. Nimeingia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia tovuti, na mdogo wangu, kumbe AutoSSL, inayofunga cheti cha bure na kukihuisha yenyewe, ipo mle mle, ilikuwa imezimwa. Na hao walionipangishia ndio wanaotaka 150,000! Tumeiwasha, https imekubali. Ila simu ya zamani ya mume wangu ikifungua link niliyokuwa nasambaza WhatsApp bado inaandika si salama.

FundiWaSeva
Hiyo link inaanza na http. Rudi cPanel, sehemu ya Domains, washa Force HTTPS Redirect. Anayekuja kwa mlango wa zamani atasukumwa kwenye mpya. Halafu badilisha nenosiri lako leo leo, lile limeshazurura sana.

MamaVitenge
Imekubali, na nenosiri nimebadilisha. Cloudflare naiacha kwanza. Mteja wa Dodoma nimemtumia picha aone, kajibu anataka doti mbili, ila kwanza anauliza kama zile nyekundu hazichuji.