Waandishi wa maktaba za Rust, acheni kutuficha aina mnazorudisha

Wadau, salaam. Ninaandika kwa Rust, lugha ya kuandikia programu, programu ya kifaa kidogo kinachopokea uzito kutoka kwenye mizani ya mnada wa samaki hapa Bagamoyo, na nimekwama kwa jambo ambalo mwandishi wa maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) ninayoitegemea angeweza kabisa kuniepusha nalo: funksheni yake inarudisha `impl Iterator<Item = u32>`, yaani "kitu fulani kinachotoa namba za `u32` moja baada ya nyingine", bila kutaja aina yake halisi, basi.

Ningepewa jeneriki ya kawaida, yaani funksheni yenye nafasi ya aina isiyotajwa bado, kama `fn soma<T: Chanzo>(c: T)`, mimi ninayeita ndiye ningechagua T, na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ingenitengenezea nakala ya msimbo kwa kila aina ninayoitumia. Kwenye `impl` ya kurudisha, anayechagua ni mwandishi. Kompaila inaifahamu aina hiyo vizuri, ila mimi ndiye ninayenyimwa jina lake. Na tangu toleo la 1.26 la mwaka 2018, `impl` hiyo hiyo ikikaa kwenye vigezo, anayechagua ni mwitaji tena! Mgeni wa lugha hii ashike lipi?

Bila jina, siwezi kuiweka aina hiyo kwenye strakti (muundo wa data ninaoutunga mwenyewe) mpaka strakti yenyewe niifanye jeneriki, kisha T isambae kwenye kila funksheni inayoigusa. Waya wa mizani ukichomoka nataka nisome uzito uliohifadhiwa kwenye kadi, lakini `if` na `else` zangu zinakataliwa, ingawa pande zote mbili zinatoa `u32`, kwa kuwa aina iliyofichwa lazima iwe moja.

Kila nikiuliza najibiwa, "Tumia `Box<dyn Iterator>`." Jamani, `Box` huweka thamani kwenye hipu, sehemu ya kumbukumbu inayogawiwa programu ikiwa inaendelea, na kifaa changu hakina hipu; hiyo `Box` nitaitoa wapi? Na anayenishauri `&mut dyn`, yaani rejeo tu kwa thamani iliyo mahali pengine, anieleze nitairudishaje nje ya funksheni ilhali mwenye thamani anafia ndani yake.

Maktaba sanifu yenyewe haitufanyii hivi: ukiita `iter` kwenye `Vec` (orodha) unapewa `std::slice::Iter`, aina yenye jina, unaiweka utakapo. Kama kisingizio ni kloja (funksheni ndogo isiyo na jina) iliyomo ndani ya `map`, inayobadilisha kila namba, nimeusoma msimbo: kloja hiyo inazidisha namba tu, hainasi chochote kutoka nje, hivyo kielekezi cha `fn(u16) -> u32` kingetosha. Naomba strakti yenye jina katika toleo lijalo. La sivyo naiacha maktaba hiyo na kuandika yangu.