Morisi kipupwe kinapoanza: tukae pwani ipi?

Mpangasafari
Wakuu, tunakwenda Morisi wiki ya kwanza ya Juni, siku nane, na mtoto wa miaka 6. Hoteli za Belle Mare, pwani ya mashariki, tumezipata kwa bei nafuu kuliko za magharibi. Bahari ya huko inaogeleka wakati huo? Na tubebe nguo gani?

Kusi_Kaskazi
Ufuo wa Belle Mare ni mzuri sana, ila Juni ndipo kusi linaposhika, nalo huvuma kutoka kusini-mashariki. Pwani hiyo iko joshini, inaupokea upepo moja kwa moja. Ndani ya mwamba wa matumbawe mtoto anaweza kuoga, lakini maji hujaa viwimbi na mchanga, na akitoka hutetemeka. Baridi hiyo ni ya upepo. Maji bado yako karibu nyuzi 25, yatashuka hadi 22 au 23 ifikapo Agosti.

Demani, yaani upande wa magharibi uliokingwa na upepo, ni Flic en Flac na Trou aux Biches. Ikibidi mbaki mashariki, ingieni majini kabla ya saa tatu asubuhi, upepo haujakaza.

Mwamba
Nyongeza muhimu: si magharibi yote iliyotulia. Le Morne iko kusini-magharibi, na upepo huuzunguka mlima ule na kutokea kwa nguvu. Ndiyo maana wanaoteleza majini kwa tiara hukimbilia huko. Kwa mtoto, hapana.

Gris Gris, kusini, msioge kabisa: hapana mwamba wa kuvunja mawimbi. Na popote pale kaeni mbali na milango ya mwamba, yaani mapengo yake. Mawimbi humwaga maji juu ya mwamba, na maji hayo hutokea mlangoni kurudi kilindini. Bahari ikichafuka nje, mkondo huo huongezeka hata kama ndani kunaonekana shwari.

Jua_Mapema
Nguo: nyepesi za pwani, sweta moja kila mtu, na koti jepesi la kuzuia upepo na mvua. Mwavuli utapinduka tu. Curepipe na nyanda za kati ziko mita 500 na zaidi juu ya bahari, kuna baridi kuliko pwani na manyunyu hata kipupwe. Bonde la Black River wekeni asubuhi, mawingu hayajajikusanya.

Jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ratiba nyingi huharibika hapo: watu hutoka hotelini saa nne, wakifika matembezini mchana umekwisha. Saa za kule ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Mpangasafari
Asanteni. Nyangumi je?

Mwamba
Wa nundu ndio kwanza wanaanza kufika Juni na Julai. Agosti na Septemba ni wengi zaidi. Msilipie mapema kwa ajili yao. Pomboo wa Tamarin wapo mwaka mzima, alfajiri.

Mpangasafari
Basi Flic en Flac usiku wote, Belle Mare tutapita siku moja tu.